Misaada ya maafa hukwama njiani, si ghalani

Vimbunga Idai na Freddy vina somo kwa mkulima na mfanyabiashara wa nafaka

USIKU wa kuamkia Machi 15, 2019, kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na mji wa Beira, Jimbo la Sofala nchini Msumbiji. Upepo uliezua mapaa, nguzo za umeme zikaanguka na mawasiliano ya simu yakakatika. Mvua iliyofuata ilijaza mito ya Buzi na Pungwe mpaka mabonde yenye mashamba yakaonekana kama bahari. Katika Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walipoteza maisha na takribani watu milioni 1.85 walihitaji msaada. Zaidi ya hekta 700,000 za mazao zilizama, wiki chache tu kabla ya mavuno.

Beira si mji wa pembezoni. Una bandari inayohudumia pia Zimbabwe, Malawi na Zambia, una uwanja wa ndege na una maghala. Yaani mlango ambao misaada ya ukanda huo ingepitia ndio uliopigwa. Barabara kuu ya EN6, inayotoka Beira kupitia Chimoio hadi mpaka wa Zimbabwe pale Machipanda, ilikatika sehemu kadhaa. Kwa siku kadhaa mji wa watu zaidi ya nusu milioni ukawa kama kisiwa.

Wiki hiyo dunia haikuwa na uhaba wa mahindi. Yalikuwepo kwenye maghala ya nchi jirani na kwenye maghala ya mashirika ya misaada. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha kwa mtu aliyekaa juu ya paa. Kilometa chache za mwisho ndizo hula fedha na muda mwingi kuliko chakula chenyewe, na ndizo huamua nani anakula leo na nani anasubiri wiki ijayo.

Jambo hili linamgusa mkulima na mfanyabiashara mdogo kwa sababu mbili. Kwanza, nafaka iliyo karibu na eneo la maafa, iliyokauka na kufungashwa vizuri, ina thamani kuliko shehena kubwa iliyo mbali, na mwenye nafaka hiyo ni yeye. Pili, msaada ukifika kwa wakati usiofaa, soko litakaloharibika ni la kwake.

Hesabu ya chakula cha dharura

Kiwango ambacho mashirika ya misaada hutumia kupanga chakula cha dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Sehemu kubwa ya kiwango hicho hutokana na nafaka, kwa kawaida takribani gramu 400, ikifuatiwa na maharage au mazao mengine ya jamii ya kunde gramu 60 na mafuta ya kula gramu 25.

Kwa familia ya watu watano, mgawo huo kwa mwezi ni kilo 60 za nafaka, kilo tisa za maharage na karibu kilo nne za mafuta. Kwa watu 100,000 ni tani 40 za nafaka, tani sita za maharage na tani mbili na nusu za mafuta, jumla karibu tani 49 kila siku.

Barabara ikiwa nzima, mzigo huo ni wa semitrela mbili zenye uwezo wa kubeba tani 30 kila moja, na moja haitajaa. Barabara ikikatika, hesabu hubadilika kabisa. Helikopta ya mizigo aina ya Mi-8, ambayo hutumika sana katika kazi hizi, hubeba takribani tani tatu. Hapo zinahitajika safari zaidi ya 16 kila siku, na saa moja ya kuirusha hugharimu maelfu ya dola. Semitrela moja iliyojaa ni sawa na safari kumi za helikopta.

Isitoshe, helikopta hizo hizo ndizo zinazotakiwa kuokoa watu waliokwama juu ya miti, kupeleka madaktari na kusafirisha dawa za kusafisha maji. Ndiyo maana siku za kwanza Beira na vitongoji vyake vilipelekewa biskuti maalumu zenye nguvu nyingi mwilini. Ni nyepesi, hazihitaji kuni wala sufuria, na boksi moja hulisha watu wengi kuliko uzito uleule wa mahindi mabichi yasiyo na mahali pa kusagwa.

Mlango mmoja, mizigo mingi

Uwanja wa ndege wa Beira ulipofunguliwa tena siku chache baada ya kimbunga, uligeuka kuwa makao ya shughuli nzima. Taasisi ya serikali ya Msumbiji ya kukabiliana na maafa, majeshi ya nchi rafiki, Umoja wa Mataifa na mashirika binafsi, wote walifanyia kazi hapo. Meli za Jeshi la Majini la India zilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kutoa msaada kwa njia ya bahari.

Katika hali kama hiyo, ndege kutua ni mwanzo tu wa kazi. Lazima pawepo mahali pa kuiegesha, mafuta, makuli au mashine ya kupakua, ghala lisilovuja, na karatasi inayoeleza ndani ya kila boksi kuna nini. Mzigo usio na orodha hukaa uwanjani ukizuia nafasi ya mzigo unaohitajika. Kwa mfanyabiashara anayejua adha ya kontena kukaa bandarini kwa kukosa hati, hili si jambo geni.

Mpangilio wa nini kitangulie nao ni sehemu ya kazi. Machi 27, 2019 kipindupindu kilitangazwa rasmi Beira. Aprili 3, chini ya wiki tatu baada ya kimbunga, kampeni ya chanjo ilianza ikiwa na dozi karibu 900,000, na zaidi ya watu 800,000 walichanjwa. Chanjo hiyo hutakiwa kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi joto kati ya 2 na 8, katika mji ambao umeme wake ulikuwa umeanguka. Ilikuwa kazi ya majokofu, jenereta, barafu na magari, kabla ya kuwa kazi ya wauguzi.

Upande wa pili, wananchi hawakusubiri wageni. Wavuvi wenye mashua walivusha watu kutoka Buzi, mji uliokuwa umezama, hadi Beira. Katika karibu kila maafa mambo huwa hivi: saa za mwanzo ni za majirani, wenye mitumbwi, wenye matrekta na wenye maduka ambayo hayakubomoka. Mpango wa misaada unaowasahau watu hao huanza ukiwa umechelewa.

EN6 ilipofunguliwa tena kuelekea mwisho wa Machi, malori yalichukua nafasi ya ndege kwa sehemu kubwa ya mizigo mizito. Kwa mtazamo wa kiuchumi, katapila linaloziba barabara iliyokatika ni msaada wa chakula kama lilivyo lori la unga, na mara nyingi ni wa bei nafuu zaidi.

Nafaka au unga?

Machi 2023 kimbunga Freddy kiliipiga Malawi, hasa eneo la Blantyre na wilaya za kusini. Tanzania, ambayo mwaka 2019 ilikuwa imepeleka chakula na dawa kwa nchi zilizokumbwa na Idai, safari hii ilipeleka misaada iliyojumuisha tani 1,000 za unga wa mahindi.

Kwa mgawo wa gramu 400, tani 1,000 zinatosha watu wapatao 83,000 kwa mwezi mmoja. Kwa semitrela za tani 30, huo ni msafara wa malori 34. Kwa nchi mbili zinazopakana, mzigo huo unaweza kwenda kwa barabara bila kugusa bandari wala uwanja wa ndege.

Kupeleka unga badala ya mahindi kuna maana yake. Umeme ukikatika, mashine za kusaga husimama. Anayepewa gunia la mahindi hulazimika kulibeba hadi kwenye mashine ya dizeli, kama ipo, na kulipia usagaji kwa fedha asizo nazo. Mara nyingi huishia kuuza sehemu ya mahindi ili asage yaliyobaki. Unga hupikwa siku hiyo hiyo. Kasoro yake ni kwamba hauhifadhiki muda mrefu kama mahindi makavu na huharibika haraka ukilowa, hivyo unafaa kwa wiki za mwanzo. Miezi inayofuata, mashine zikisharudi, mahindi huwa nafuu zaidi.

Ufungashaji nao si jambo dogo. Mfuko wa kilo 50 hubebwa na mtu mmoja, huhesabika kwa urahisi na hupangika vizuri ndani ya helikopta, mtumbwi au gari dogo. Lumbesa, ambayo imemuumiza mkulima kwa miaka mingi sokoni, haina nafasi katika kazi hii. Mzigo usiojulikana uzito wake kwa hakika ni hatari kwa chombo cha angani na ni mwanya wa wizi ardhini.

Si kila msaada ni msaada

Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, iliyofika hadi pwani ya Afrika Mashariki, jimbo la Aceh nchini Indonesia lilipokea takribani tani 4,000 za dawa kwa watu wasiofika milioni mbili. Tathmini ya wafamasia iliyofanyika baadaye ilionyesha kuwa asilimia 60 hivi ya dawa hizo hazikuwa kwenye orodha ya dawa za nchi hiyo, na nyingi zilikuwa na maelezo ya lugha ambayo wahudumu hawakuielewa. Kuziteketeza nako kukahitaji fedha.

Nguo kuukuu, vyakula visivyoliwa na wenyeji na dawa zinazokaribia kuisha muda wake huchukua nafasi ileile ya lori na ghala ambayo ingebeba maturubai, ndoo za maji na chumvi. Anayetaka kusaidia hana budi kuuliza kwanza kinachotakiwa. Mara nyingi fedha taslimu, ikikabidhiwa kwa utaratibu unaoeleweka, hufika haraka kuliko furushi.

Msaada unapogusa bei ya sokoni

Idai kilipiga katikati ya Machi, na mavuno ya kanda hiyo huanza karibu Aprili. Aliyelima bondeni alipoteza kila kitu, lakini wapo waliolima sehemu za miinuko ambao mazao yao yalisalimika. Mkulima wa namna hiyo anapofika sokoni na kukuta mahindi ya bure yamejaa, bei huanguka. Akiuza kwa hasara, msimu unaofuata hupunguza eneo la kulima, na mfanyabiashara aliyekuwa akimnunulia hufunga ghala. Mwaka wa pili wilaya ileile inahitaji msaada tena, wakati huu bila kimbunga.

Kwa sababu hiyo, wapangaji makini huanza na swali moja: je, soko lina bidhaa? Kama maduka yamebomoka na barabara imekatika, fedha haiwezi kuliwa, hivyo wapeleke chakula. Kama chakula kipo sokoni lakini watu hawana uwezo wa kununua, ni bora kutoa fedha au vocha ili duka la mtaa na mkulima wa jirani wapate wateja. Msumbiji ilipitia hatua zote mbili: awali chakula chenyewe, na baadaye, masoko yalipoinuka, sehemu ya misaada ikatolewa kwa vocha za kununulia dukani.

Chakula kinatoka wapi nalo ni swali la bei na la muda. Mwaka 2009 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyolinganisha njia za kupeleka chakula cha msaada katika nchi kumi za Afrika kusini mwa Sahara. Chakula kilichosafirishwa kutoka Marekani kilichukua wastani wa siku 147 kufika. Kilichonunuliwa ndani ya nchi husika kilichukua siku 35, na kilichonunuliwa katika nchi jirani siku 41. Ununuzi wa ndani na wa kanda ulikuwa pia nafuu kwa takribani asilimia 34.

Siku 147 ni karibu miezi mitano. Chakula kinachoagizwa ng'ambo mwezi Machi hufika Agosti, watu wakiwa wameshavuna au wameshahama. Ndipo kinapoua bei.

Mbegu ikichelewa

Chakula kikichelewa siku tatu watu huumia. Mbegu ikichelewa wiki tatu familia hupoteza msimu mzima. Baada ya Idai, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) likishirikiana na serikali liligawa mbegu na majembe ili baadhi ya familia zitumie unyevu uliobaki ardhini kwa msimu wa pili.

Mambo mawili huamua kama mbegu za msaada zitaota kuwa chakula. La kwanza ni aina yenyewe: mbegu inayochelewa kukomaa ikipandwa wakati mvua zinaondoka ni sawa na kuitupa. La pili ni njaa. Familia isiyo na chakula itaosha mbegu na kuipika, hata kama imetiwa dawa. Hivyo mbegu hutakiwa kusafiri pamoja na chakula, katika lori moja au siku moja.

Orodha ya majina

Gari likishafika kijijini bado kuna hatua moja, ambayo ni kuamua nani apewe. Aprili 2019 shirika la Human Rights Watch liliripoti kuwa wilayani Nhamatanda, baadhi ya viongozi wa mitaa waliwalazimisha wanawake walioathirika kutoa rushwa ya ngono au fedha ili waingizwe kwenye ugawaji wa chakula. Tani hazikuwa zimepungua, bali njia ilizibwa na mtu mwenye kalamu na daftari.

Dawa yake inajulikana, ingawa si rahisi. Orodha isomwe hadharani na kubandikwa. Mgawo wa kila familia utangazwe kwa kilo kabla ya ugawaji kuanza, mizani iwepo, na malalamiko yapokelewe na mtu ambaye hakuandika orodha. Wanaushirika wanaijua mbinu hii, maana ni ileile inayowalinda dhidi ya karani wa mizani mwenye mkono mrefu.

Somo lililofika Somanga

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Kilwa, ikiwemo Somanga. Mabasi na malori yalikwama pande zote mbili. Uharibifu haukufanana hata kidogo na ule wa Beira, lakini mfanyabiashara wa mikoa ya kusini aliona jinsi daraja moja linavyoweza kusimamisha biashara ya mikoa miwili.

Anayetegemea barabara moja na kuagiza mzigo wa wiki moja moja hujikuta hana bidhaa siku wateja wanapozihitaji zaidi. Kuwa na akiba ya wiki mbili au tatu ya bidhaa zisizoharibika, hasa kabla ya masika, ni biashara ya kawaida. Kuificha na kupandisha bei mara mbili watu wakiwa kwenye matope ni jambo jingine, na wateja hawalisahau.

Maandalizi yanayowezekana

Tangu mwaka 2008 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliendesha mpango wa kununua mazao kutoka kwa wakulima wadogo katika nchi 20, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji. Uzoefu wa mpango huo ulionyesha kuwa wakulima wadogo wanaweza kulisha walengwa wa misaada, na ulionyesha pia wanapokwama: ubora, ujazo na uaminifu wa mkataba.

Kwa upande wa ubora, viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kuanika juu ya turubai badala ya ardhini, kupukuchua bila kuvunja punje, na kupanga magunia juu ya chaga mbali na ukuta ni hatua zisizohitaji mtaji mkubwa. Kifaa cha kupima unyevu kinaweza kununuliwa na kikundi kizima.

Kuhusu ujazo, semitrela moja ya tani 30 ni magunia 600 ya kilo 50. Mkulima mmoja mdogo hawezi kuijaza, lakini wakulima 30 wenye magunia 20 kila mmoja wanaweza. Mnunuzi wa dharura hana muda wa kuzunguka kaya kwa kaya akikusanya debe tatu hapa na gunia moja pale. Atakwenda kwenye chama cha ushirika au ghala ambalo mzigo wake uko tayari, umepimwa na una hati.

Mkataba ndio mtihani mgumu. Bei ikipanda kabla ya siku ya kukabidhi, baadhi ya wanachama huuza pembeni kwa mlanguzi anayelipa taslimu, na kikundi kinashindwa kutimiza ahadi. Wakulima nao wana hoja, kwa kuwa malipo ya taasisi kubwa huweza kuchelewa na ada ya shule haisubiri. Vikundi vinavyofanikiwa ni vile vinavyolipa sehemu ya fedha siku ya kupokea mzigo, kwa mkopo wa benki au kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, na salio baadaye.

Mwenye duka anayetaka kupokea vocha za misaada ajue kuwa ataulizwa namba ya mlipakodi, leseni na kumbukumbu za mauzo. Mwenye gari dogo lenye uwezo wa kupita kwenye matope naye ana kazi inayomsubiri, kwa sababu semitrela huishia lami inapoishia. Atahitaji bima iliyo hai na hati za mizigo zilizojazwa sawasawa.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayozungumzia kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Kamati hizo zinaweza kuanza na daftari moja kabla ya mvua: nani ana mtumbwi, nani ana trekta, ghala gani liko mwinukoni, mashine ipi ya kusaga inatumia dizeli, kisima kipi hakifikiwi na mafuriko, na ni njia ipi ya pili kama daraja litaondoka. Wakulima na wafanyabiashara ndio wenye majibu ya maswali hayo yote, kwa hiyo inafaa wadai viti katika kamati hizo mapema, na mbegu ya msimu ujao waihifadhi mahali ambapo maji hayafiki.